Barua ya Kumwachisha Hajarah Kazi

Jumatatu, 26 Mei

Muhula wa pili umeanza. Nimeamua kuandika mara kwa mara, hata kama ni mstari mmoja, na kuandika kwa Kiswahili cha mama, aliyezaliwa Busia upande wa Kenya. Wenzangu wa kidato cha tatu, hapa ng'ambo ya mpaka, wanajifunza Kiswahili vipindi viwili kwa wiki na bado wanakiita lugha ya askari. Hakuna atakayejisumbua kulisoma daftari hili.

Nimeketi na Hajarah tena, safu ya pili karibu na dirisha. Mikono yake inanukia mafuta ya kukaangia. Anaishi Budondo kwa shangazi yake, Senga Jaliah, anayeuza kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na unga wa muhogo.

"Twaibah, umekonda," aliniambia. "Likizo yote ulikula vitabu?"

Nilipopata jibu, alikuwa amekwisha kusinzia juu ya dawati.

Alhamisi, 29 Mei

Mwalimu Isiko, anayetufundisha Ujasiriamali, aliingia bila kitabu. Alishika kopo la maziwa ya unga lenye tundu kwenye kifuniko. Alisema muhula huu hatutanakili maelezo kutoka ubaoni. Darasa litagawanywa kuwa kampuni tatu. Kila kampuni itaajiri watu, itatengeneza bahasha na mifuko ya karatasi, itauza, na siku ya mwisho ya muhula itafungwa kwa utaratibu. Kampuni bora itakwenda kwenye maonyesho ya shule huko Mbale. Alama zitahesabiwa kwenye mtihani wetu wa mwisho mwakani.

"Mwalimu, na mshahara?" aliuliza Sandeep. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na yeye haogopi kuuliza kitu chochote.

"Mshahara ni alama."

"Basi mimi nimegoma."

Tulicheka, na mwalimu pia alicheka. Kisha akalitikisa kopo. Ndani mna kadi, alisema, na kila kadi ina jambo linaloweza kuipata kampuni yoyote duniani: moto, mvua, mteja mkubwa. Kila Alhamisi tutachomoa moja. "Na litakalotoka tutalifanya kama linavyofanywa. Hapa hatuigizi."

Nililipenda neno hilo. Nililiandika pembeni ya daftari la somo na kulipigia mstari.

Jumanne, 3 Juni

Siku ya usaili. Niliomba kazi ya utunzaji wa ghala. Nilipoitwa mbele, nilinyoosha barua badala ya kujieleza. Sandeep, ambaye amechaguliwa mkurugenzi wetu, alisoma barua yangu ya maombi, akasema, "Huyu tumwajiri kwa ajili ya mwandiko. Sauti tutanunua baadaye." Kwa hiyo mimi ni katibu. Hajarah amepewa kazi ya kukata karatasi.

Barua za ajira zilitakiwa zipelekwe nyumbani zikatiwe sahihi na walezi. Hajarah alitia sahihi ya shangazi yake palepale kwenye benchi, kwa mkono wa kushoto.

"Senga hajui kusoma," alisema. "Nikimpelekea ataniuliza kama karatasi hii inaliwa."

Ijumaa, 6 Juni

Idi ya kuchinja. Nyama, ndugu, kelele. Nilijificha chumbani na kitabu cha Jiografia mpaka mama akanitoa.

Jumatano, 11 Juni

Kampuni inaanza kazi saa moja asubuhi, nusu saa kabla ya masomo. Mimi ndiye ninayeandika mahudhurio. Nimelipiga daftari mistari kwa rula: wino mweusi kwa aliyewahi, mwekundu kwa aliyechelewa.

Hajarah alichelewa dakika ishirini na tano. Mapumzikoni, pale dirishani, alinieleza. Anaamka saa kumi. Anamenya ndizi, anaziponda, anakanda, anakaanga, anabeba beseni mpaka senta, penye maduka, ndipo anashika njia ya shule, zaidi ya saa moja kwa miguu. Aliyasema hayo bila kulalamika, kama mtu anayetaja vituo vya barabara.

Nilikuwa nimekwisha kuandika kwa wino mwekundu. Ni kweli alichelewa.

Alhamisi, 12 Juni

Kadi: mteja mkubwa. Bahasha mia mbili kwa siku tatu. Vidole vimegandana kwa gundi.

Jumatatu, 16 Juni

Hajarah amechelewa.

Jumatano, 18 Juni

Amechelewa tena. Halafu akalala juu ya rundo la bahasha, na alipoinuka alikuwa na alama ya mkunjo shavuni, imenyooka kama mstari wa rula. Tulicheka sana, yeye kuliko sote. Lakini hakuna anayekata kama yeye. Anakunja karatasi nane pamoja, anapitisha kisu mara moja, na zote zinatoka sawa.

Alhamisi, 26 Juni

Leo ilikuwa zamu ya kampuni yetu kuchomoa kadi. Sandeep alifumba macho, akazungusha mkono ndani ya kopo, akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Bei ya karatasi imepanda. Kila kampuni ipunguze mfanyakazi mmoja. Toeni sababu zenye ushahidi."

Kwanza kila mtu alimtaja jirani yake kwa utani. Mwalimu Isiko aligonga meza. "Ushahidi. Nani ana ushahidi?"

Wote walinigeukia. Sandeep alilichukua daftari mikononi mwangu na kulifungua. Mbele ya jina la Hajarah wino mwekundu ulikuwa mara saba. Hakuna mwingine aliyezidi mara mbili.

"Lakini yeye ndiye mkataji wetu bora," nilisema. Nadhani nilisema. Siraj, mwenzetu wa kampuni aliyekuwa ameketi ubavuni kwangu, aliuliza, "Umesemaje?" Nikamwambia si kitu.

Hajarah mwenyewe alisimama. "Jamani, nifukuzeni mimi. Angalau nitalala." Akainua mkono kupiga kura, na mkono wake ndio uliotangulia. Mikono mingine ikafuata kwa vicheko. Wangu pia.

Mwalimu alisema huo ulikuwa uamuzi wa kitaalamu, usio na chuki.

Ijumaa, 27 Juni

Nimeandika barua. Nilitayarisha nakala tatu za majaribio kabla ya ile ya mwisho. Mwalimu Isiko alinipa karatasi rasmi yenye jina la shule na nembo, akaenda nayo ofisini na kurudi nayo ikiwa na muhuri. Alisema barua isiyo na muhuri ni karatasi ya kufungia karanga.

Kwa kuwa barua ilikuwa ya Kiingereza, nanukuu hapa kwa Kiswahili: "Tunasikitika kukuarifu kwamba kuanzia leo hutahitajika tena. Umechelewa mara saba, na mara mbili umekutwa umelala. Tunakutakia mema huko uendako." Jina la kampuni liko chini kabisa, chini ya sahihi ya Sandeep, ambayo kwa kuringa aliifanya isisomeke.

"Twaibah," mwalimu alisema, "hii ingeweza kutoka wizarani."

Waliopunguzwa kwenye kampuni nyingine mbili walipokea barua zao papo hapo wakicheka. Hajarah hakuja leo. Ijumaa kuna gulio kwao na shangazi yake humzuia. Nakala ya mlezi ilitakiwa irudi Jumatatu ikiwa na sahihi, ili faili lisiwe na pengo. Sandeep alisema, "Achana nayo, utampa mwenyewe akija." Lakini mimi sipendi faili lenye pengo. Nilimpa Siraj, ambaye nyumba yao iko mbele kidogo ya senta ya Budondo. Nilimwambia ampe mlezi mkononi. Nilirudia mara mbili: mkononi.

Nilifurahi njia nzima kurudi nyumbani. Naandika hilo pia.

Jumatatu, 30 Juni

Hajarah hakuja.

Siraj alinijia kabla ya kengele. Hakuketi.

Alimkuta Senga Jaliah kwenye kikaango, wateja wamemzunguka. Akampa barua mkononi, kama nilivyosema. Kwa kuwa yule mama hasomi, alimwita bwana anayetengeneza simu pale jirani. Bwana huyo alisimama na barua kama mtu wa msikitini anayetangaza msiba, akaigeuza kuwa Kisoga, lugha ya pale, neno kwa neno mbele ya gulio zima. Shule imemwondoa Hajarah. Anachelewa. Analala.

"Wewe ulikuwepo?" nilimuuliza.

"Nilikuwepo."

"Na hukusema?"

"Nilisema! Nilisema ni mchezo wa darasani. Yule bwana akaniuliza, 'Na muhuri nao unacheza?' Watu wakanicheka. Ulitaka nipigane naye?"

Hajarah alirudi kutoka kuteka maji na kusema maneno yaleyale. Shangazi yake akamjibu kwamba kila mtoto anayefukuzwa husema ni mchezo. Kisha akamuuliza: kama kazi yenyewe ni ya mchezo, ile barua ya kuajiriwa iko wapi, mbona yeye hakuiona? Hajarah akalazimika kusema kwamba alitia sahihi mwenyewe.

"Hapo ndipo ilipokwisha," alisema Siraj.

Jana asubuhi walimpandisha taksi, basi dogo la abiria, kwenda Busiu, kule mbele ya Mbale, kwa baba yake mdogo.

Jumanne, 1 Julai

Nilimfuata Mwalimu Isiko mwisho wa kipindi. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye kikaratasi, na mwishowe nilimpa kikaratasi. Alikisoma akiwa amesimama. Halafu akaanza kufuta ubao, ingawa haukuwa na kitu.

"Nitampigia shangazi yake simu," alisema. "Ni jambo dogo. Simu moja tu."

Jumatano, 2 Julai

Simu moja haikutosha. Aliniita nyuma ya maktaba na kunieleza. Nadhani hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Senga Jaliah alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, watoto wacheze, sawa. Wakubwa nao wanaweka muhuri kwenye mchezo? Hiyo si shule basi." Akakata. Baba yake Hajarah anaendesha lori la kwenda Juba na simu yake haipatikani.

"Tuandike barua nyingine," nilisema. Sauti ilitoka. "Ya kufuta ile. Nitaandika leo hii."

"Andika," alisema. "Nitaitia muhuri."

Nimeiandika. Ni barua nzuri kuliko ya kwanza.

Ijumaa, 4 Julai

Mkuu wa shule amejua. Mtu wa Budondo alimtania kwenye mazishi kwamba siku hizi shule yake inafukuza watoto kwa ajili ya usingizi. Karani wa ofisi aliitwa, akatoka analia. Mwalimu Isiko aliitwa baada yake na kukaa ndani kipindi kizima. Muhuri umefungiwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo anao mkuu mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje na barua yangu ndani ya bahasha, moja ya zile tulizotengeneza. Mlango haukufungwa vizuri. Nilimsikia mkuu akisema, "Tukiandika ya pili, tumekiri ya kwanza. Umewahi kufikiri wizara ikiuliza nani alitumia muhuri wangu?" Mwalimu haajiriwi na serikali. Bodi ya shule inampa mkataba wa muhula mmoja mmoja, na anaye mtoto mchanga.

Alipotoka alinipita kama asiyenijua. Baadaye alirudi, akasema kwa upole, "Itunze. Tutaona."

Jumatatu, 7 Julai

Kiti cha Hajarah kimehamishiwa nyuma kwa sababu mguu wa benchi la kule umevunjika.

Alhamisi, 10 Julai

Kadi: mvua imeharibu ghala. Nje ni vumbi tupu, tangu Juni hakujanyesha. Niliandika kumbukumbu za kikao. Sandeep hakutania hata mara moja. Mwisho alisema, "Karatasi zinakatwa vibaya sasa, zinapinda," na kila mtu akatazama meza.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda Budondo.

Nilimwambia mama nina kazi ya kikundi. Siraj alinisubiri kwenye njia panda, akanionyesha kwa kidole kisha akarudi nyuma, akasema hataki kuonekana pale tena. Nilikuwa nimeandaa sentensi nne. Ya kwanza: Senga, mimi ndiye niliyeandika ile barua. Nilizirudia tangu mjini, na nilipofika kwenye senta bado zilikuwepo zote nne.

Nilimtarajia mwanamke mkali, mnene, mwenye sauti. Tangu Jumatatu ile nilikuwa nimemchora hivyo kichwani. Senga Jaliah ni mfupi na mwembamba kama Hajarah, amefunga mkono mmoja kitambaa kwa kuungua. Alikuwa peke yake: anakanda, anakaanga, anauza, anarudi kukanda.

"Binti, unangoja nani?"

"Nataka kabalagala," nilisema.

"Ngapi?"

"Kumi."

Alizihesabu, akaongeza mbili. "Hizo nyongeza. Umekonda sana. Unasoma?"

Niliitaja shule. Mwiko wake ulisimama ndani ya mafuta.

"Mtoto wangu alisoma huko," alisema. "Nimemlea tangu hajaota meno. Walileta barua kwamba analala. Mbele ya watu wote hawa." Aligeuza vitumbua kimoja kimoja. "Watu wanadhani ilisomwa habari ya mtoto. Iliyosomwa ni habari yangu. Anayemwamsha saa kumi ni nani? Ni mimi."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa sentensi yangu. Palikuwa wazi kama mlango. Mafuta yalichemka, mtoto mmoja akaja na sahani, mwanamke mwingine akauliza kama za moto ziko. Nilisema asante. Nikaenda.

Njiani nilijaribu kula moja. Sikuweza. Nilimpa Siraj zote, akazila akitembea.

Jumanne, 15 Julai

Hakuna jipya.

Alhamisi, 17 Julai

Kadi: kampuni imechaguliwa kwenda kwenye maonyesho. Kumbe hiyo haikuwa kadi. Mwalimu aliiandika mwenyewe ili kutangaza. Tutakwenda Mbale. Walipiga makofi na madawati. Mimi nilikuwa nikifikiria kwamba kutoka Mbale hadi Busiu si mbali.

Jumatano, 23 Julai

Nilimwambia Mwalimu Isiko: "Busiu." Neno moja tu. Alinielewa. Alisema, "Nami nimelifikiria."

Nilikuwa nimeanza kumchukia, nadhani. Leo nimeona suruali yake imeshonwa gotini kwa uzi wa rangi nyingine.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimechoka, lakini nitaandika yote.

Tulifika Mbale saa nne asubuhi. Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa shule moja ya mtaa wa Malukhu, na mlima ulikuwa juu ya mapaa, umevaa mawingu. Tulipanga bahasha, mifuko, na faili. Waamuzi walikuwa watatu. Mmoja, Mama Bhagwati, ni mfanyabiashara wa pale mjini, miwani yake inaning'inia kwa mnyororo. Hakugusa bahasha. Alifungua faili na kusoma ukurasa baada ya ukurasa, akafika kwenye nakala ya barua.

"Nani ameandika hii?"

Sandeep alinionyesha kwa kidevu.

"Wewe? Mwanangu, mimi nina makarani wanne na hakuna anayeweza kumwachisha mtu kazi kwa adabu namna hii." Akawaonyesha wenzake. Walitikisa kichwa kwa kuridhika. Mmoja akauliza, "Na mfanyakazi aliipokeaje?"

Sandeep, ambaye haogopi kuuliza kitu, alianza kuzipanga upya bahasha. Mwalimu Isiko akasema, "Aliipokea."

Tumepewa cheti cha kampuni yenye kumbukumbu bora.

Baada ya chakula mwalimu alimwachia Sandeep meza, akanichukua tukapanda taksi ya kwenda Busiu. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani pande zote mbili za barabara.

Baba mdogo wa Hajarah anaitwa Ukasha. Ana mashine ya kusaga karibu na stendi. Ni mtu mkubwa, mpole, mwenye unga kwenye kope. Alizima mashine alipotuona, akatuwekea viti kivulini, akaagiza chai. Mwalimu alieleza kila kitu kwa mpangilio: kampuni, kopo, kadi, barua. Hakujificha. Alisema, "Kosa ni langu." Nilimheshimu kwa hilo.

"Mwalimu, nimekuelewa," alisema Mzee Ukasha. "Nilielewa tangu mtoto alipofika. Alinieleza, nami nikamwamini. Hajarah hajui kudanganya muda mrefu, huwa anacheka."

Nilishika kiti kwa mikono yote miwili. Mwezi mzima nilikuwa nangoja mtu mzima aamini.

"Basi arudi," alisema mwalimu. "Hata kesho turudi naye."

"Arudi kwa nani? Kwa dada yangu? Dada yangu alisomewa ile barua gulioni. Leo akimpokea, watasema alimfukuza mtoto kwa ajili ya mchezo wa watoto wenzake. Asipompokea, basi alimfukuza kwa ajili ya barua ya serikali. Wewe ungechagua lipi?"

"Na baba yake?"

"Alipiga simu kutoka Juba. Kachoka. Amesema habari za shule zikae kwanza. Mwakani tutaona kama kuna shule hapa karibu."

"Mwakani atakuwa amepoteza kidato cha tatu."

"Ndiyo," alisema Mzee Ukasha. "Atakuwa amekipoteza." Alimimina chai. "Lakini niletee barua, mwalimu. Yenye muhuri kama ule. Nitapanda nayo taksi mwenyewe mpaka Budondo, nimtafute yule fundi simu aisome palepale gulioni kwa sauti ileile. Muhuri kwa muhuri. Hapo dada yangu ataweza kumpokea."

Mwalimu Isiko alitazama ndani ya kikombe. Barua yangu ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nzuri, bila muhuri.

"Nitajaribu," alisema.

"Jaribu," alisema Mzee Ukasha, akampa sukari. Hakukuwa na mtu mbaya pale. Nilitazama kila mmoja kumtafuta.

Hajarah alitoka nyuma ya mashine akiwa mweupe kwa unga mpaka kwenye nyusi. Aliponiona alicheka, kisha akaacha.

"Mmefika wapi kwenye Kemia?"

"Asidi."

"Mimi nimefika kwenye pumba." Alifuta uso, ukazidi kuwa mweupe. "Unajua hapa naamka saa kumi na mbili? Nalala mpaka nachoka kulala. Senga angeona angelia."

Nikamwambia nilikwenda Budondo. Akauliza kama Senga amefunga mkono. Nikasema ndiyo. Akatazama chini.

Halafu akasema, bila hasira, "Twaibah, wewe nilikuambia. Pale dirishani. Nilikuambia naamka saa ngapi na nafanya nini."

"Uliniambia."

"Sasa mbona hukuliandika?"

"Barua za namna ile hazina mahali pa..."

"Barua uliiandika wewe."

Ilikuwa kweli kabisa, kama wino. Niliandika mara saba, na niliandika usingizi, na kila neno lilikuwa na ushahidi. Sababu niliijua, nikaiacha nje kwa kuwa haikuwa na safu yake.

Wateja wawili walifika na magunia. Mzee Ukasha akamwita. Mashine ikawaka na hatukuweza kusikiana tena. Alinyoosha mkono akanigusa bega, akaniachia alama ya vidole vitano vya unga, akaenda kushika gunia upande mmoja.

Kwenye taksi mwalimu alisema, "Wewe huna kosa. Wewe ni mtoto, ulifanya ulichoagizwa." Alikuwa ananitazama. Nilifahamu anachotaka nimwambie na yeye. Nililitafuta neno hilo mpaka Mbale, sikulipata.

Jumatatu, 4 Agosti

Cheti kimetundikwa ofisini. Mkuu alitupongeza kwenye gwaride.

Alhamisi, 7 Agosti

Mwalimu alikwenda kwa mkuu na barua yangu. Alikaa dakika chache. Mkuu alisema suala hilo lingoje mpaka ukaguzi upite. Ukaguzi ni Oktoba.

Jumatano, 13 Agosti

Mitihani. Asidi zilitoka, swali la tatu. Mvua kubwa, ya kwanza tangu Juni. Bati lilipiga kelele mpaka msimamizi akawa anatoa maelezo kwa mikono.

Jumapili, 17 Agosti

Siraj anasema Senga Jaliah amechukua msichana mwingine wa kumsaidia, wa jirani. Huyo hasomi.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo kampuni zimefungwa. Mwalimu Isiko alileta soda na mandazi, na alikuwa amevaa tai. Alieleza kwamba kampuni haifi ovyo. Inafungwa kwa utaratibu: mali inagawanywa, faili linafungwa, na kila aliyewahi kuajiriwa anaitwa kwa jina, anaitika, anashukuriwa, anaachiwa huru. Kisha mchezo umekwisha na kila mtu ni mwanafunzi tena. Ndivyo alivyosema, mchezo, halafu akakohoa.

Katibu ndiye anayeita majina.

Nilisimama mbele na orodha ya ajira, ile ya tarehe tatu Juni. Mvua ilikuwa imepungua, kwa hiyo hapakuwa na kelele ya kunificha. Nilianza. Sandeep aliitika, "Nipo, na soda yangu nataka ya rangi." Wakacheka. Siraj aliitika. Wengine wanne waliitika, wakachukua soda zao.

Jina la saba lilikuwa la Hajarah. Mtu fulani alikuwa amelipitishia penseli, mstari mwembamba. Ningeweza kuliruka. Orodha ilikuwa mikononi mwangu, na hakuna ambaye angejua.

Nililisoma. Nililisoma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu, hata waliokuwa nyuma waliinua vichwa. Kisha nikangoja aitike, kama nilivyowangoja wengine.

"Huyo si tulishampunguza?" mtu alinong'ona. Mwingine akamwambia nyamaza.

Nilingoja. Sandeep aliiweka soda yake chini. Siraj alitazama dirishani. Mwalimu Isiko alikuwa amesimama karibu na sinia la mandazi, na mikono yake ilikuwa wazi, haina kitu. Nilidhani atasema jambo. Midomo yake ilijaribu.

"Endelea, katibu," alisema mwishowe, polepole sana.

Nikaendelea.